Bibi na Bwana Harusi

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Nimefika ofisini na sweta mbili, bado meno yanagongana. Baba Tumaini, dereva wetu, alikuwa ameshawasha gari jipya na kuliacha lingurume peke yake, mwenyewe yuko jikoni na kikombe cha chai. Ndivyo afanyavyo kila asubuhi. Miezi ya baridi hapa Njombe madereva wengi hufanya hivyo. Gari ni kama mtu mzima, anasema, huwezi kulitoa kitandani ukaliambia likimbie.

Tulikwenda Uwemba kupokea parachichi za wanachama wa chama chetu cha ushirika. Matunda mazuri, makubwa, hayana madoa. Nilipima, nikaandika, nikapima tena. Mama mmoja akanicheka: "Karani, mzani ni uleule. Haujabadilika tangu ulipoutazama." Kweli. Lakini mkono haukubali kuacha.

Niandike wazi, kwa kuwa huku hakuna anayesoma. Ninaogopa. Mwezi huu muda wangu wa majaribio unaisha, na gari hili limenunuliwa kwa maneno yangu. Kamati ya chama ilinitaka nitoe maoni: tuendelee na pikapu ya zamani au tununue gari la siku hizi? Nikasoma sana, nikaandika sana. Kwamba magari mapya yanadumu kuliko ya zamani. Bodi haishiki kutu upesi. Injini zinaundwa kwa umakini zaidi, oili ni bora. Mwenyekiti akayasoma mbele ya wanachama kwa sauti yake ya kwaya. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku ile, gari likikohoa hata mtaa wa pili, moyo wangu unaruka. Likifa hili, nami kazi sina.

Jumatano, 4 Juni

Watu wameyapa magari majina. Pikapu ya zamani ni Bibi. Jipya ni Bwana Harusi, kwa sababu hakuna anayetaka kulichafua. Si jipya kabisa, limetumika kwa wenyewe huko Ujapani, lakini kwetu ni jipya. Viti bado vina nailoni. Baba Tumaini amekataa kuitoa.

Bibi yuko bandani, anangoja kuuzwa. Kuna bwana wa Ipelele, kule Makete, amekubaliana na Mwenyekiti kuja kumchukua mwisho wa mwezi. Baba Tumaini hapiti pale bandani bila kumgusa bega.

Nimemwomba Baba Tumaini aendeshe polepole. Asikanyage mafuta kwa nguvu, hata kwenye lami. Asubuhi aliache lipate moto muda mrefu zaidi, baridi imezidi. Amefurahi. "Wewe mtoto una akili ya gari," ameniambia. Nimetembea na sifa hiyo mchana kutwa.

Jioni nzuri. Mama mwenye nyumba amenipa magimbi. Nimekula karibu na jiko la mkaa, miguu imepata joto, na kwa muda nikasahau.

Jumamosi, 7 Juni

Matembwe. Matope. Bwana Harusi alipanda vizuri, polepole kama anakwenda kuchumbia.

Mwalimu alikuwa kwenye kituo cha kupokelea. Ni mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati, na ndiye aliyepinga ununuzi tangu mwanzo. Simchukii. Ninamwogopa tu, kama nilivyowaogopa walimu wote.

"Kamwene, Karani. Bwana harusi hajaugua?"

"Kamwene, Mwalimu. Mzima."

"Ngoja harusi iishe."

Watu wakacheka. Akaanza hotuba. Kwamba magari ya zamani yalitengenezwa kwa chuma, haya ya leo ni kama vyombo vya plastiki. Kwamba Bibi amebeba mbolea, maharusi na majeneza ya ukoo wake wote, na bado anawaka. "Nionyesheni gari la leo litakalofanya hivyo."

Nilijifanya ninahesabu kreti. Lakini nyuma ya kituo, kwenye uwanja wa jirani, niliona kitu. Pikapu ya aina ileile kama Bibi, ya miaka ileile, haina magurudumu. Ndani wanalala kuku. Jogoo alikuwa amesimama kwenye usukani. Nikafikiri: huyu naye ni wa zamani. Mbona hatajwi? Ya zamani tunayoyaona barabarani ni yale yaliyopona. Yaliyokufa yamegeuka mabanda, na hakuna anayeyahesabu kwenye hotuba.

Na huyo Bibi mwenyewe. Baba Tumaini ameniambia injini si ile aliyokuja nayo. Giaboksi imetoka kwenye gari lililopinduka. Sakafu imechomelewa mara nyingi hata hakuna anayejua bati la kwanza ni lipi. Kila msimu anakula fedha za chama kama mgonjwa wa kudumu. Amedumu, ndiyo. Amedumishwa.

Nilitaka kumwambia Mwalimu haya yote. Nikamuaga tu, nikapanda gari. Mwoga mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Taa.

Taa ndogo ya njano imewaka kwenye dashibodi. Tulikuwa tunarudi kutoka Uwemba. Nimeiona kabla ya Baba Tumaini, kwa sababu macho yangu hayatoki pale. Nikamwonyesha. Akaitazama kidogo, akasema haya magari yana taa nyingi, nyingine ni mapambo tu.

Si mapambo. Hakuna anayeweka pambo linalotisha.

Akafungua boneti. Maji yapo, oili ipo. Akasikiliza injini, ameinamisha kichwa kama daktari. Hakusikia kitu. Nikaona uso wake. Kwa Bibi angejua kwa sikio tu kwamba kuna nati imelegea. Kwa huyu hajui, na kutokujua kunamtia aibu. Akafunga boneti taratibu sana.

Tumekubaliana tuliendeshe kwa upole zaidi. Tuliache lipate moto zaidi asubuhi.

Sijamwambia Mwenyekiti. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 13 Juni

Sikumwambia.

Nilifika mlangoni kwake. Akanitazama kwa furaha, akaniambia bwana wa Ipelele amepiga simu, anataka kuja mapema, Jumamosi ijayo badala ya mwisho wa mwezi. Akauliza kama nimekuja kwa jambo gani. Nikasema nimekuja kuazima stepla.

Stepla ninayo.

Jambo lenyewe ni hili, nimeligeuza kila upande. Bibi akienda na Bwana Harusi akifa, katikati ya mavuno, chama hakina gari. Parachichi zikishachumwa hazingoji. Nikisema tusubiri kuuza, ninakiri kwamba maandishi yangu ni ya uongo. Nisiposema, ninamwomba Mungu taa izime yenyewe. Nimeomba. Haijazima.

Jumatatu, 16 Juni

Aibu kubwa. Acha niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tulipakia kreti kupeleka kwa wanunuzi Makambako. Gari lilinguruma uwanjani hadi Baba Tumaini akamaliza chai na viazi. Tukaondoka. Tulipofika kilima cha kwanza kikubwa gari likakosa nguvu. Baba Tumaini akakanyaga, halikutaka. Likatambaa. Mwanamke mwenye kuni kichwani akatupita. Taa za njano sasa zilikuwa mbili. Baba Tumaini akaogopa kuunguza injini, akasimama pembeni na kuzima.

Nikampigia Mwenyekiti. Nikamwambia yote: taa, siku iliyowaka, stepla. Akasema, "Sasa unaniambia." Hilo tu. Afadhali angenifokea.

Aliyekuja kutuokoa ni Mwalimu. Na alikuja na Bibi. Wa kuendesha hakuwapo mwingine. Tulimsikia kabla hatujamwona, Bibi anavyokoroma. Mwalimu akateremka, kofia ya sufu kichwani, akalizunguka gari letu mikono nyuma.

"Karani. Bwana harusi amezimia kabla ya kufika kanisani."

Nilitaka kulia. Akaona, nadhani, maana aliacha mzaha na kuanza kuhamisha kreti pamoja nasi, na umri wake ule. Tulipomaliza wakafunga mnyororo. Bibi akavuta.

Tukaingia Makambako hivyo, mchana kweupe. Bibi mbele na mzigo wote, Bwana Harusi nyuma anang'aa. Mwalimu alikuwa ametoa kichwa dirishani, anawatangazia watu wa sokoni: "Bibi anamsindikiza bwana harusi!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akaturushia kipande cha muwa. Baba Tumaini, kwenye usukani wa gari linalovutwa, alikuwa amevuta kofia hadi machoni.

Matunda yalipokelewa. Yote. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Gari tumeliacha kwenye yadi ya mama mmoja mwenye malori, Bi Zuhura. Fundi wake atalipima kesho. Nimelala, yaani nimejilaza tu, nyumba ya wageni ya kanisa. Kichwani naandika barua ya kuacha kazi. Inatoka vizuri, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 17 Juni

Siku ndefu. Njema, mwishoni.

Bi Zuhura ni mwanamke mnene, mchangamfu, mtu wa Kondoa aliyehamia hapa zamani na mumewe. Mume amefariki, malori yamebaki, na yeye ndiye bosi. Alitupa kahawa na maandazi kabla ya kuuliza jambo lolote. Mwalimu alikuwa amebaki kuona mwisho wa mambo. Alikula maandazi mengi.

Fundi akachomeka kompyuta ndogo chini ya usukani. Akasoma. Akamwita Bi Zuhura, wakasoma pamoja. Kisha Bi Zuhura akatugeukia.

"Kila asubuhi mnaliamshaje?"

Baba Tumaini akaeleza. Chai, viazi, ngurumo.

"Na barabarani?"

"Polepole, mama. Kwa heshima."

"Nani kawaambia?"

Baba Tumaini akatazama chini. Nikasema ni mimi. Niliagiza mwenyewe, na taa ilipowaka nikaagiza tena.

Bi Zuhura akacheka hadi akashika meza. "Binti, gari lenu haliumwi. Limechoka kubembelezwa."

Akaeleza, nami naandika nilivyoelewa. Magari haya ya dizeli ya siku hizi yana chujio la moshi. Masizi yanakusanyika humo. Gari likikimbia na kupata joto sawasawa, masizi yanaungua na chujio linajisafisha. Sisi tunaliacha lingurume palepale kwenye baridi, linatoa masizi bila kupata joto la kutosha. Kisha tunalitembeza kama mgonjwa. Chujio limejaa. Likijaa, gari lenyewe linajizuia lisiende. Bibi hana chujio, moshi wake wote anautupa nje, ndiyo maana mtindo ule haukumdhuru hivyo.

Sikuona haya kama nilivyotarajia. Labda kwa sababu aliongeza kwamba lori lake la kwanza la aina hii lilikufa hivyohivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimwamuru dereva asiliharakishe. "Nililipenda mno," alisema. "Likanifia mkononi."

Chujio letu halijaziba kabisa. Fundi alifanya mambo yake kwa kompyuta, gari likapata nguvu kidogo. Kisha dawa: likimbizwe. Barabara ya Mbeya, gia ya chini, injini ilie, ndani ya mwendo unaoruhusiwa, bila kusimamasimama.

Baba Tumaini mbele, mimi kando yake, Bi Zuhura na Mwalimu nyuma. Injini ilipiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Baba Tumaini alitaka kupunguza. Bi Zuhura akampiga bega kutoka nyuma.

"Kanyaga, baba! Unamwogopa nani?"

"Namwogopa Karani!"

Nikafumba macho. Nikamwambia akanyage. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Akakanyaga. Nyuma kukawa na harufu ya kitu kinachoungua, Bi Zuhura akasema ndiyo yenyewe hiyo, acha iungue. Mwalimu akaanza wimbo wa mazishi. Bi Zuhura akamwambia anyamaze, hakuna maiti humu.

Nilipofumbua macho mashamba ya alizeti yalikuwa yanarudi nyuma kwa kasi na jua limetoka. Taa moja ilikuwa imezimika. Baadaye kidogo, nikiitazama, ya pili nayo ikazimika. Kimya, bila sherehe.

Baba Tumaini alifuta machozi kwa kiganja, akadai ni vumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumatano, 18 Juni

Tumerudi Njombe. Kilima kilekile, Bwana Harusi amekipanda kama hakioni.

Nimemwendea Mwenyekiti mwenyewe, bila kuitwa. Nimemweleza kosa langu. Amesikiliza. Amesema kamati itakutana Ijumaa, na swali litakuwa moja: Bibi auzwe au asiuzwe. Nitasimama mbele yao na kujibu. Nimemuuliza kama niandike. Amesema hapana, safari hii niseme kwa mdomo.

Nimerudi kuketi. Nimekuwa nikifikiri siku nzima. Jibu la usalama ni kumbakiza Bibi. Hakuna atakayenilaumu. Jumatatu ametuokoa, mji mzima umeona. Na mimi mwenyewe nilimwona akituvuta, nikampenda.

Lakini najua hali. Chama hiki hakiwezi kulisha magari mawili. Bibi akibaki, hela za kumtunza Bwana Harusi zitaenda kwake, kwa mazoea, kwa huruma. Kisha tutakuwa na magari mawili mabovu.

Ninaogopa. Nimekula vizuri hata hivyo. Ajabu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesema auzwe.

Walinitazama kama nimetukana. Mjumbe mmoja akauliza, basi yale maandishi yako yalikuwa kweli? Magari mapya yanadumu kuliko ya zamani?

Nikasimama. Nikasema sehemu ni kweli na sehemu sikujua nilichokuwa nikisema. Bodi ni kweli. Injini ni kweli. Lakini niliandika kana kwamba gari linaishi peke yake. Hili tulilitunza kwa desturi za Bibi, tukakaribia kuliua kwa mapenzi. Je, litafika umri wa Bibi? Sijui. Hakuna anayejua, halijafika. Nikawataja na wale kuku wa Matembwe, kwamba Bibi alikuwa na wenzake wengi na karibu wote wamekufa. Mtu akacheka. Ilikuwa sauti ya Mwalimu. Banda lile ni la shemeji yake, kumbe.

Mabishano marefu. Mwalimu alisema Bibi abaki. Kisha akasema, kwa shida, kwamba Jumanne alikaa ndani ya lile gari likikimbia na hakusikia mgongo wake ukiuma. Kwa Bibi huumwa siku nzima.

Kura. Bibi anauzwa. Baba Tumaini atakwenda kushinda siku chache yadi ya Bi Zuhura, ajifunze. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu kama kuna maandazi.

Watu walipotoka Mwenyekiti akaniambia barua yangu ya kuthibitishwa kazini ataisaini Jumatatu. Kisha akasema: "Ukiona taa tena, usije kuazima stepla."

Jumamosi, 21 Juni

Bwana wa Ipelele amekuja. Mtu mpole, ana shamba la viazi. Baba Tumaini alikuwa ameshamwosha Bibi tangu alfajiri, maji ya baridi, vidole vyekundu. Alimweleza mgeni kila kitu. Mlango wa kushoto unyanyuliwe kidogo ndipo ufunge. Kwenye mteremko asiamini breki mara ya kwanza. Asubuhi amwache apate moto.

Bibi aliwaka mara moja. Baba Tumaini alibaki uwanjani hadi mlio ulipopotea upande wa Makete. Nilisimama naye.

Jumapili, 29 Juni

Ibada ndefu. Baridi imepungua.

Nje ya kanisa Mwalimu alinivuta pembeni. Mwanawe aliyeko Dar anataka kumnunulia gari. Kuna mawili, moja la zamani, moja la karibuni. Alitaka kujua ningechagua lipi, na aliuliza kwa sauti ya chini, anatazama kando, watu wasisikie.

Nikamuuliza nani ataliendesha. Akasema yeye. Wapi? Hapa na shambani, na mara moja kwa mwezi Makambako kwa pensheni. Polepole? Akafikiri. Polepole, akakiri.

Nikamwambia sina jibu bado.

"Basi njoo Jumanne tuangalie picha zake pamoja," akasema. "Mama atapika."

Nitakwenda. Huenda nikamshauri vibaya. Nimemwambia hivyo pia, akasema anajua.

Mchana nimefua. Nguo zimekauka kabla ya ukungu kushuka.